Kwenda Shelisheli Hakuna Viza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa tiketi. Bi Rukia aliniweka kwenye kiti cha mbao nyuma ya kaunta, akanikabidhi kitabu kizito kama tofali, akaniambia nisome hadi saa kumi.

"Tiketi ikiharibika, kampuni inapata hasara," alisema. "Msafiri akiharibikiwa, hasara ni yake na watu wake. Kwa hiyo anza na hicho."

Nyinyi vijana wa ofisini mlioniomba niandike haya kabla sijasahau, kitabu hicho mmekisikia kwa jina tu. Kilikuja kila mwezi kwa posta kutoka Ulaya, karatasi nyembamba, maandishi madogo kama sisimizi. Humo mlikuwa na nchi zote za dunia, na chini ya kila nchi yale ambayo mgeni anatakiwa awe nayo anapofika mlangoni: pasipoti, viza, chanjo, na mengineyo. Leo mnabonyeza simu mnapata jibu kabla mteja hajakaa. Sisi tulikuwa na kitabu, rula, penseli nyekundu na macho ya Bi Rukia, ambayo hayakuhitaji miwani hadi alipokaribia miaka sitini.

Habari za vyeo sitaandika. Niliingia karani, nikatoka karani mwenye kiti kinachozunguka. Yatosha.

Nilitoka Bungoma nikaja Kampala miaka michache baada ya vita kwisha, kama Wakenya wengi waliosikia kwamba mji unafufuka na unahitaji watu wanaojua kupiga taipu. Ofisi yetu ya tiketi za ndege ilikuwa Old Kampala, chumba cha chini katika jengo la maduka la zamani. Juu ya mlango kulikuwa na matundu matatu ya risasi ambayo hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kuyaziba. Asubuhi kelele za Nakivubo zilitupandia kilimani: makondakta, wauza mitumba, honi. Adhuhuri Bi Rukia alifunga kitabu, akavuka barabara kwenda kusali, akarudi baada ya dakika ishirini kamili. Mteja aliyekuta hayupo alinikuta mimi, na siku za mwanzo hilo halikuwa jambo la kumfurahisha.

Wiki ya kwanza aliingia mzee mmoja aliyevaa kanzu na koti. Nikasimama kwa adabu zangu za nyumbani, nikamwambia, "Shikamoo, Mzee. Karibu, keti."

Mzee hakuketi. Alisimama wima akaanza kupapasa mifuko akitafuta kitambulisho. Kwa watu wengi wa Kampala wakati ule, Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Aliyekusemesha Kiswahili alikuwa na bunduki. Bi Rukia alitoka nyuma mbio, akamweleza kwa Luganda kwamba huyu si askari, ni Mkenya, hana hata kisu. Mzee akacheka hadi akashika kaunta, akakaa, akanunua tiketi ya Dubai. Tangu siku hiyo nilianza na "ssebo" na "nnyabo", bwana na bibi kwa Luganda, Kiswahili kikafuata nyuma taratibu.

Kwa Bi Rukia Kiswahili hakikuwa cha bunduki. Kilikuwa lugha ya mama yake na bibi yake. Wazee wake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, wakabaki. Wajomba zake walikuwa walimu wa chuo cha Kurani pale pale kilimani. Alikuwa na Kiswahili safi chenye chumvi kidogo ya Kiganda, na alinisahihisha mimi mtu wa Bungoma mbele ya wateja bila haya. Nilikuwa "Ezekieli mwanangu" kila siku, ila nikikosea. Nikikosea nilikuwa "Bwana Makokha".

Alichonifundisha kabla ya jambo lolote ni kusoma ukurasa kuanzia chini. "Juu ni salamu," alisema. "Masharti wameyaficha chini." Na kweli, juu kabisa ya kila nchi kulikuwa na neno moja kuhusu viza, inahitajika au haihitajiki, na msomaji mvivu aliishia hapo. Chini ndiko yaliko maneno "isipokuwa", "endapo" na "ni lazima".

Tiketi zenyewe, nilipoanza kuruhusiwa, ziliandikwa kwa mkono, kurasa kadhaa zikiwa zimeunganishwa, nyuma yake wino mwekundu unaoacha alama chini. Ukikosea herufi moja ya jina unaanza upya. Wino ule uliingia kwenye vidole, ukatoka kwenye vidole ukaingia kwenye mashati. Mke wangu alijua wiki ilikuwaje kwa kutazama mikono ya mashati yangu.

Baada ya miaka minne nilikuwa najiona nimekomaa. Nilijua nchi kumi na tano kwa moyo. Nilikuwa na tai. Wateja wengine waliingia wakaniuliza mimi, si Bi Rukia, na jambo hilo lilinipanda kichwani kidogo. Basi wiki ambayo Bi Rukia alikwenda Jinja kwenye msiba wa dada yake, akaniachia ofisi siku tatu, ndiyo wiki Nalongo alipoingia.

Jina lake lingine sikulijua hadi nilipoliona kwenye pasipoti. Mwanamke aliyezaa mapacha huku huitwa Nalongo, na heshima hiyo hulimeza jina la kwanza. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mnene wa mikono, amevaa gomesi, lile vazi refu la Kiganda lenye mkanda, la rangi ya machungwa. Alikuwa na kibanda cha chakula Wandegeya, nyuma ya mabweni ya wanafunzi, akipika katogo ya ndizi na maharage tangu kabla ya vita. Kiswahili chake alikipata kwa askari waliokula kwake, baadhi yao wakilipa.

Aliweka mbele yangu kipande cha karatasi ambacho mwanafunzi mmoja alikuwa amemwandikia jina la nchi. Seychelles.

"Shelisheli," nikamsomea.

"Ndiyo. Huko. Mutoto yangu iko huko, Kato. Anajenga hoteri." Akashika ukingo wa kaunta. "Ameanguka kutoka juu. Mufupa ya paja imevunjika. Rafiki yake amepiga simu kwa jirani. Wanasema watamupasua."

Nikamwambia pole. Nikamuuliza kama Kato ana ndugu kule.

"Hana mutu. Na mimi sina mwingine. Wasswa, ile pacha yake, alienda na vita." Alilisema kama mtu anayetaja mtaa anakoishi. "Mimi nataka kwenda nikae naye. Wanafunzi wanasema huko hakuna viza. Ni kweli?"

Nikavuta kitabu, nikafungua ukurasa wa visiwa hivyo. Juu kabisa iliandikwa kwamba viza haihitajiki, kwa raia wa nchi yoyote ile. Nakumbuka furaha niliyoipata. Kila siku nilikuwa nawapa watu habari mbaya za ubalozi huu na ubalozi ule, na sasa mama mwenye shida ananiuliza swali, na jibu ni jema.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Hakuna viza. Hakuna neno. Huko ni kama unakwenda Jinja."

Nikafunga kitabu.

Nilikumbuka kumuuliza kadi ya homa ya manjano, kwa kuwa hapa Uganda hata mtoto anajua kwamba hutoki bila hiyo. Alikuwa nayo, na pasipoti mpya pia; wateja wake wawili wanafunzi wa sheria walikuwa wamemsaidia kuzipata tangu mwaka uliotangulia, Kato alipoanza kumwambia aje amtembelee. Nikamuuliza atarudi lini.

"Nitajuaje? Siku atatembea."

Basi nikamwandikia tiketi ya kwenda tu, Entebe hadi Nairobi, Nairobi hadi kisiwani. Nikaandika jina lake kwa mwandiko mzuri. Alinishukuru kwa mikono miwili, huku amepiga magoti kidogo kama desturi ilivyo, na mimi kijana ambaye angeweza kunizaa nikaona haya nikamwinua.

Siku ya nne baadaye, Bi Rukia akiwa amerudi, mlango ukafunguliwa, Nalongo akaingia na furushi lake likiwa bado limefungwa kama alivyoondoka nalo.

Hakupiga kelele. Ningependa kama angepiga. Aliweka furushi sakafuni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Ezekyeri, wamenirudisha."

Pale Entebe walitazama safari ya Nairobi tu, wakampitisha. Nairobi, kwenye lango la ndege ya pili, msichana mmoja alimwomba tiketi ya kurudi. Hana. Akamuuliza atafikia wapi. Hajui, alidhani hospitali. Akamuuliza ana barua yoyote. Hana. Msichana akamwambia kwa upole kwamba akimpandisha ndege hivyo, kule watamrudisha na ndege hiyo hiyo, na kampuni ya ndege itatozwa faini. Ndege ikaondoka. Nalongo akakaa kwenye benchi katika nchi yangu, Kenya, siku mbili, hadi walipompatia nafasi ya kurudi Entebe. Ndege ya kwenda kisiwani wakati ule ilikuwa moja tu kwa wiki.

"Nilimwambia yule musichana, Ezekyeri amesema hakuna neno," alisema. "Akaniuliza, Ezekyeri ni nani?"

Bi Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu. Alizunguka kaunta, akakaa kando ya Nalongo kwenye kiti cha pili cha wateja, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikaa. Akaomba kitabu. Akafungua ukurasa ule ule, akaweka rula kwenye mstari wa chini kabisa, akaanza kusoma kwa Kiingereza na kueleza kwa Luganda, mstari mmoja mmoja, akipanda juu. Mgeni awe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele. Awe na mahali pa kulala panapojulikana. Awe na cha kujikimu kwa siku zote atakazokaa. Pasipoti iwe hai hadi siku ya kurudi nyumbani. Akitimiza hayo, hupewa kibali palepale mlangoni, cha mwezi mmoja, na kinaweza kuongezwa. Alipofika juu, penye neno la viza, alifunika neno hilo kwa kidole.

"Hili tu ndilo uliloambiwa," alimwambia Nalongo. "Kosa ni letu. Tutakupeleka."

Alisema letu. Baadaye, Nalongo alipokwenda kunywa maji, alinigeukia. "Bwana Makokha. Mlango usio na kufuli haukosi bawabu. Sasa kachukue ufunguo wa simu."

Simu ya ofisi wakati ule ilikuwa na kufuli dogo kwenye kidude cha kuzungushia namba, na ufunguo alikuwa nao mwenye kampuni. Nilikwenda kwake ghorofani, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Tiketi ya kurudi ilipatikanaje ni jambo kati yangu naye, na limekwisha zamani. Alinipa ufunguo.

Kazi ngumu ilikuwa mahali pa kulala. Kato alikuwa anaishi kwenye bweni la wajenzi, na huko mgeni haruhusiwi, sembuse mama. Hoteli zote nilizozijua kisiwani zilikuwa za watu wanaokuja kuoga baharini kwa fungate. Nilituma faksi kwa nyumba kumi na moja za wageni. Wanne walinijibu kwa bei ambazo Nalongo angeweza kununua nazo kibanda cha pili. Wengine hawakujibu. Siku ya pili mchana mashine ikalia, karatasi ikaanza kutoka polepole, imeandikwa kwa mkono, Kiingereza chenye Kifaransa ndani yake. Aliyeandika alikuwa mama mmoja, Odile, mwenye nyumba ya vyumba vitano karibu na hospitali. Alisema ana chumba kidogo nyuma ya jiko ambacho huwa hakikodishi kwa watalii. Aje. Mwisho aliuliza swali moja: je, magoti ya mama yanaweza ngazi?

Nilimsomea Nalongo. Akaangalia magoti yake kama anayeyauliza yenyewe. "Mwambie yanaweza," akasema.

Kwa msaada wa yule rafiki yake Kato tulipata pia barua ya muuguzi wa wodi, mistari mitatu, kwamba mgonjwa yupo na anahitaji mtu wa karibu. Kutoka Wandegeya, wanafunzi na wauzaji wa sokoni walimchangia Nalongo cha kujikimu. Bi Rukia akamwambia akibebe mwenyewe mwilini, asikiweke kwenye furushi.

Hapo nikaongeza akili yangu moja. Nilimwambia Nalongo kwamba wakimuuliza kule anakuja kufanya nini, aseme anakuja kutembea, kuona bahari, maana wanapenda watalii. Tulifanya mazoezi. "Unakuja kufanya nini?" "Kuona bahari." Bi Rukia alitusikia, akaweka penseli chini.

"Ezekieli, usimfundishe mtu mzima kusema uongo katika nchi ya watu. Uongo ukiulizwa mara ya pili unachoka. Ana mtoto mgonjwa. Kuna bawabu gani asiyejua mtoto mgonjwa ni nini?"

Nalongo akashusha pumzi. "Afadhari," akasema. "Mimi hata bahari siitaki."

Bi Rukia akapanga karatasi zote katika bahasha moja, si kwa ukubwa wala kwa tarehe, bali kwa utaratibu wa maswali: pasipoti juu, kadi ya manjano ndani yake, halafu tiketi ya kurudi, halafu faksi ya Odile, halafu barua ya muuguzi. "Akinyoosha mkono unampa ya juu. Akinyoosha tena unampa inayofuata. Huhitaji kujua Kiingereza." Wenzangu, nimepanga bahasha hivyo hadi juzi, na mnanijua: hata sasa nikimwona msafiri na karatasi zake katika mfuko wa nailoni, vidole vinaniwasha.

Siku ya safari nilimsindikiza hadi Entebe mwenyewe. Kwenye kaunta ya ndege mtu wa zamu alinyoosha mkono, Nalongo akatoa ya juu. Akanyoosha tena, akatoa ya pili. Walipomaliza, mtu yule alimwangalia akatabasamu, akamrudishia zote zikiwa zimepangwa. Nalongo hakugeuka kunipungia. Alikuwa anatazama bahasha.

Wiki saba hatukumwona. Katikati ilikuja faksi moja kutoka kwa Odile kwamba kibali kimeongezwa kule kule mjini, nami nikasogeza tarehe ya kurudi. Kisha asubuhi moja aliingia, amepungua mwili, gomesi ile ile. Bi Rukia alimpokea kwa vigelegele hadi watu wa duka la pili wakachungulia.

Alitusimulia. Pale mlangoni afisa wa kike alisoma barua ya muuguzi mara mbili, akamuuliza jambo ambalo hakulielewa, halafu akajionyesha kidole kifuani na kubembeza mikono kama aliyebeba mtoto mchanga. Nalongo akaitikia kwa kichwa. Afisa akagonga muhuri. Odile alimsubiri nje na mwavuli. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Alimpikia Kato kila siku kwenye jiko la Odile. Ndizi zao ni tofauti, alisema, zina utamu usio na kazi. Wodi nzima ikajua jina lake. Kato alikuwa amerudi naye, kwa magongo, yuko nyumbani amelala.

Tulicheka sana. Alipoinuka kuondoka nilimsindikiza hadi mlangoni, na hapo nikamuuliza lile nililokuwa naogopa kuuliza.

"Ulimkuta hajapasuliwa?"

Akarekebisha mkanda wa gomesi. "Walimpasua siku mimi niko hapa, tunangoja karatasi. Aliamka, hakuna mutu. Aliita mimi. Muuguzi aliniambia aliita sana."

Nilimwambia, "Nisamehe, Mama."

Hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Alinitazama akafikiri. "Ile mistari Bi Rukia alinisomea. Unawasomea watu wote?"

"Wengine."

"Wasomee wote," akasema, akashuka kuelekea Nakivubo.

Jioni hiyo nilipiga taipu karatasi ya kwanza. Kila msafiri, hata wa Nairobi, hata aliyesafiri mara ishirini, alipewa karatasi yenye masharti yote ya nchi anayokwenda, kwa Kiingereza upande mmoja na kwa Luganda au Kiswahili upande wa pili, nami nikamsomea kabla hajalipa. Mwenye kampuni alilalamika kwamba nammalizia karatasi zake. Lakini miezi michache baadaye walianza kuja akina mama kutoka soko la Wandegeya, mmoja baada ya mwingine, wanaokwenda kwa watoto wao Nairobi, Dubai, Afrika Kusini, na kila mmoja alikuwa na salamu ile ile: Nalongo amesema nisiondoke bila karatasi. Akaacha kulalamika.

Nimeyasoma masharti yale kwa watu wa kila aina. Kuna mchungaji aliyesikia Shelisheli hawataki viza, akaja bila pasipoti, akasema waumini wake walimweleza hivyo. Kuna mfanyabiashara wa Nakivubo aliyetaka kuingia kisiwani na magunia mawili ya karanga kama mzigo wa mkononi. Kuna bwana harusi ambaye pasipoti yake ilikuwa inakwisha siku ya tano ya fungate. Nilipomwonyesha, bibi harusi alimtazama kwa namna ambayo nilijua nimeichungulia ndoa yao yote. Tulimpatia pasipoti mpya kwa wakati. Walinitumia picha, wote wawili wameungua na jua.

Kitabu kilikoma kuja. Kompyuta ya kwanza ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, na Bi Rukia aliiita "yule mgeni" hadi alipostaafu. Siku aliyostaafu alinipa rula yake, akaniambia nisome kompyuta nayo kuanzia chini. Nilimtembelea kila Idi hadi alipofariki, na kila mara aliniuliza nchi gani imebadilisha nini, naye akawa anafurahi nikimwambia kama anayesikia habari za wajukuu. Siku hizi kisiwa kile kile kinataka mgeni ajaze fomu ya mtandaoni na kupata ruhusa kabla hajapanda ndege, na wenyewe bado wanasema hakuna viza. Wanasema kweli.

Mwezi mmoja kabla sijastaafu nilipata habari kwamba Nalongo amefariki. Nilikwenda mazishini, njia ya Bombo, nikakuta kibanda cha turubai na watu wengi kuliko viti, wengi wao watu wazima wenye suti ambao bila shaka waliwahi kula kwake kwa mkopo wakiwa wanafunzi.

Kato sikuwa nimewahi kumwona. Alikuja kunipokea, mtu mzima mwenye mvi, anaburura mguu mmoja. Alinishika mkono akanipeleka kwa wajomba zake, akawaambia, "Huyu ndiye aliyempeleka mama kwangu nilipoanguka." Wazee wakainuka kunishukuru, mmoja baada ya mwingine, nami nikapokea shukrani zile zikiwa nzito kama mawe.

Tulipobaki wawili nilimwambia, "Kato, ni mimi pia niliyemchelewesha. Ulizinduka peke yako kwa sababu yangu."

"Najua," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alikuwa amejenga na Wakenya na Watanzania. "Mama aliniambia siku ile ile aliyofika, kabla hata hajakaa. Nilikasirika. Nilimwambia nikirudi Kampala nitakwenda ofisini kwa huyo Ezekieli."

"Mbona hukuja?"

"Nilikuja. Na magongo yangu. Nilisimama mlangoni. Ulikuwa na mzee mmoja, unamsomea karatasi. Hakuelewa. Ukamsomea tena. Bado hakuelewa, akakasirika, akataka kuondoka. Ukatoka nyuma ya meza, ukamshika mkono, ukakaa naye chini, ukaanza upya kutoka mwanzo." Alitazama watu waliokuwa wanainuka. "Nikarudi nyumbani."

Jeneza lilikuwa limebebwa, watu wameanza kuelekea kaburini, chini kwenye migomba. Njia ilikuwa na mteremko na ilikuwa imenyeshewa, na mguu ule haukupona sawasawa. Kato akaninyooshea mkono. Nikamshika, tukashuka pamoja.